Barua ya wazi kwa Kamati ya Maandalizi: taa za uwanja zikizimwa, sisi bado tuko kazini

Kwa: Mwenyekiti, Kamati ya Maandalizi ya Mashindano
Nakala: Mkurugenzi wa Rasilimali Watu, Mkuu wa Kitengo cha Usafiri, Ofisi ya Shirikisho la Kimataifa

YAH: USAFIRI WA USIKU, CHAKULA, MALIPO NA HADHI YA WATENDAJI WA NYUMA YA PAZIA

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mmoja wa wasindikizaji wa kitengo cha upimaji wa dawa za kusisimua misuli. Ni kazi ambayo mtazamaji haioni, na haitakiwi kuonekana. Mwanariadha akishavuka mstari wa mwisho, mmoja wetu humfikia, humjulisha kwamba amechaguliwa kupimwa, humsainisha fomu, na tangu dakika hiyo hatakiwi kumpoteza machoni hadi amfikishe kituo cha upimaji. Naandika pia kwa ruhusa ya wenzangu wa vitengo vingine: madereva, wasafishaji, walinzi wa mageti, wabeba vikapu vya nguo za wanariadha, na vijana wa stoo ya vifaa ambao hawakuona hata mbio moja japo walikuwa hatua chache tu kutoka uwanjani.

Hatukukimbilia hadharani. Tulianza kwa msimamizi wa zamu, naye akatupeleka kwa mratibu wa uwanja. Mratibu akasema mabasi ni ya kitengo cha usafiri. Kitengo cha usafiri kikasema mabasi ni ya mkandarasi. Mkandarasi akasema yeye hufuata ratiba aliyopewa na Kamati. Tulipoandika kwenye anwani yenu ya malalamiko, tulijibiwa na mashine iliyotushukuru kwa mchango wetu. Kwa danadana hizo, Mheshimiwa, tungestahili kupangwa kwenye timu.

Sasa mashindano yamekwisha na ofisi zenu zinafungashwa. Kamati ya maandalizi ni chombo cha muda. Huundwa kwa ajili ya mashindano, huvunjwa baada ya mashindano, na ikishavunjwa anayedai hana mlango wa kubisha. Ndiyo maana naandika sasa, na naandika kila mtu asome.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mashindano yalifana. Mbio zilianza kwa wakati, matangazo hayakukatika, wageni waliondoka wakiwasifu. Sina nia ya kuyachafua. Ninachosema ni kwamba ratiba yenu iliandikwa kwa ajili ya mwanariadha, mtazamaji na kamera, na ilipofika mwisho wa onyesho ikakoma, kana kwamba na kazi imekoma.

1. Zamu huisha kwenye karatasi

Hili ndilo kubwa kwetu, na naomba mnivumilie nilieleze kwa kirefu, kwa sababu naamini waliopanga mabasi hawakuwahi kuelezwa jinsi upimaji unavyokwenda.

Kanuni zinataka angalau mililita 90 za mkojo. Mtu aliyetoka kukimbia kilomita nyingi kwenye joto hana maji mwilini. Akitoa pungufu, sampuli hufungwa kwa muda, anakunywa maji kutoka chupa ambazo hazijafunguliwa, tunasubiri. Akinywa mno, mkojo unakuwa mwepesi, kipimo kinaukataa, tunaanza upya. Na kabla hata ya kufika kituoni, mwanariadha ana haki ya kupokea medali yake, kuzungumza na wanahabari, kupoza mwili, kutibiwa kama ameumia, na kumtafuta mwakilishi au mkalimani. Haki hizo zimeandikwa na sisi tunaziheshimu, tumefundishwa kuziheshimu. Lakini kila haki ina dakika zake, na dakika zote hizo huangukia mwishoni mwa zamu ya msindikizaji na ya maofisa waliobaki kituoni.

Ongezeni hapo kwamba fainali hupangwa kwa saa ya televisheni. Kwenye Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, vipindi vya fainali za kuogelea vilianza saa 4 usiku. Aliyeshinda fainali ya mwisho alitoka majini usiku wa manane, na hapo ndipo kazi ya msindikizaji wake ilipoanza. Hali ya kwetu haikuwa mbali na hiyo.

Basi la mwisho la watumishi liliondoka kwa kufuata saa ya kumalizika kwa mashindano, na halikumsubiri wa mwisho kutoka kituoni. Tulipotoka, geti la mabasi lilikuwa tupu. Barabara za kuzunguka uwanja zilikuwa zimefungwa kwa usalama, kwa hiyo hata mwenye nauli ya kulipia teksi hakuweza kuiita ndani ya uzio. Ilibidi kutembea gizani hadi nje ya eneo lililofungwa, na wengi wetu ni wanawake, maana kanuni zinataka anayeshuhudia sampuli ikitolewa awe wa jinsia moja na mwanariadha. Kuna mwenzangu alilala kwenye viti vya kituo cha upimaji kwa sababu zamu yake iliyofuata ilikuwa ya alfajiri na kwenda nyumbani kusingekuwa na maana.

Wakati huohuo mwanariadha tuliyekuwa tukimsubiri alikuwa na gari la kumrudisha kwenye kijiji cha wanariadha. Ni haki yake. Gari hilo lilikuwa na viti vitupu, lakini vitambulisho vyetu havikuwa na alama ya kulipandia, na dereva, ambaye naye aliogopa kibarua chake, hakuthubutu kutupakia.

2. Chakula

Msindikizaji hawezi kumwambia mwanariadha, "Nisubiri hapa nikale." Walinzi wa geti nao hawawezi kuliacha geti. Hema la chakula cha watumishi lilifungwa kabla ya vitengo vya usiku kupata nafasi, na kuponi ya siku ilikufa siku hiyohiyo. Tuliomba vifurushi tupelekewe kituoni, tukaambiwa utaratibu hauruhusu.

Si kwamba chakula huwa hakipo. Usiku wa ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, takriban milo 4,000 kati ya 10,000 iliyoandaliwa kwa ajili ya watumishi wa Uwanja wa Taifa ilitupwa, na waandaaji wakaomba radhi. Nani anakula wapi na saa ngapi ni jambo la kupangwa, kama inavyopangwa saa ya kupulizwa filimbi.

3. Nani anajitolea, na nani ameajiriwa bila kulipwa

Mimi nilijitolea. Hakuna aliyenilazimisha, na sare yenu niliivaa kwa furaha. Kujitolea kwenye michezo ni jambo lenye heshima yake: kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Lake Placid 1980 walikuwa watu elfu kadhaa, London 2012 wakafika 70,000, Paris 2024 wakawa 45,000 waliochujwa kutoka kwa waombaji zaidi ya 300,000. Bila watu hao hakuna mashindano makubwa yanayoweza kufanyika, na kila Mwenyekiti husema hivyo kwenye hotuba ya kufunga.

Ila kuna kujitolea na kuna kitu kingine kilichovalishwa nguo ya kujitolea. Anayekaribisha wageni mlangoni kwa saa chache, akichoka anamwachia mwenzake, huyo anajitolea. Mtu aliyepangiwa zamu ya lazima, anayeandikiwa onyo akichelewa, anayehitaji mafunzo na mtihani kabla ya kuanza, na ambaye asipokuwepo kazi haiwezi kuendelea, huyo ana kazi. Kwenye kituo chetu tulikaa meza moja na watu waliofanya kazi ileile, kwa saa zilezile, wakiwa na mikataba na malipo. Tulipouliza tofauti ni ipi, jibu lilikuwa kwamba wao waliingia kupitia dirisha jingine.

Fedha mnazisema wenyewe kwenye taarifa zenu. Sitarudia za mashindano haya. Lakini dunia inajua kwamba Los Angeles 1984, michezo iliyoendeshwa kwa msaada wa makumi ya maelfu ya watu wa kujitolea, ilibakiza ziada ya zaidi ya dola milioni 200. Inajua pia kwamba FIFA ilikusanya takriban dola bilioni 7.5 katika miaka minne iliyoishia na Kombe la Dunia la Qatar. Sisemi kila anayejitolea alipwe mshahara. Nasema asipate hasara. Tokyo waliwapa watu wao yen 1,000 za nauli kwa siku; ni kidogo, na walilalamikiwa kwa udogo wake, lakini angalau walikiri kwamba mtu hafiki kazini kwa miujiza. Na kabla ya michezo hiyo hiyo, Juni 2021, takriban watu 10,000 kati ya 80,000 walikuwa wameshajitoa. Janga la korona lilichangia, bila shaka. Watu wa kujitolea huondoka kimyakimya; hawagomi, hawaandamani, siku moja tu hawafiki.

4. Mkandarasi wa mkandarasi

Hapa nawasemea wenzangu walioajiriwa: wasafishaji, walinzi, madereva. Wengi wao hawakuajiriwa na Kamati, wala na mkandarasi mliyesaini naye. Waliajiriwa na wakala aliyepewa kazi na mkandarasi, na wengine na mtu aliyepewa kazi na wakala. Siku za mafunzo hazikulipwa. Sare ilikatwa kwenye malipo, kisha ikadaiwa irudishwe. Saa za ziada ziliandikwa kwenye daftari ambalo sasa hakuna anayekiri kuwa nalo. Hadi naandika barua hii wapo ambao hawajalipwa malipo yao ya mwisho, na namba ya simu ya wakala haipatikani.

Mnajua madhara ya mnyororo mrefu kama huu, kwa sababu yameshatokea hadharani. London 2012 kampuni ya ulinzi ya G4S ilitakiwa kuleta walinzi 10,400. Zikiwa zimebaki wiki mbili na ushee, ikakiri haitawafikisha, na serikali ikaita wanajeshi 3,500 wa nyongeza, kisha wengine 1,200. Watu walikuwa wameshasailiwa. Kilichoshindikana ni kuwafundisha, kuwapa vitambulisho na kuwaambia zamu zao kwa wakati. Na baada ya Rio 2016, kamati ilibaki na madeni ya mamilioni ya dola kwa wadai wake, hadi ikafikia kupendekeza kuwalipa baadhi yao kwa viyoyozi na nyaya za umeme. Ikiwa kampuni zenye mawakili ziliambiwa zichukue kiyoyozi, msafishaji ataambiwa achukue nini?

5. Anayeuliza hutoweka kwenye ratiba

Kitambulisho chenu kinaweza kuzimwa bila maelezo. Hilo ni sharti la usalama na lina sababu zake. Lakini liligeuka kuwa nidhamu ya kimyakimya: aliyelalamika kuhusu basi alikuta jina lake halipo kwenye zamu za fainali, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Ndiyo maana majina mengi hayapo kwenye barua hii.

Mheshimiwa Mwenyekiti, majibu yatakayotolewa nayafahamu, maana mengine nimeshapewa.

Mtasema tulisaini tukijua masharti. Tulisaini fomu iliyosema zamu ina mwanzo na mwisho. Hatukusaini kulala kwenye viti.

Mtasema mambo ya mkandarasi yaulizwe kwa mkandarasi. Lakini nembo iliyokuwa mgongoni mwa msafishaji ilikuwa yenu. Mkandarasi alipochelewesha viti vya wageni wa heshima, mlijua namba yake ya simu na alipokea.

Mtasema uzoefu huu ni fahari na una faida kwenye wasifu wa mtu. Ni kweli, na nitauweka kwenye wasifu wangu. Fahari haina ubishi na basi la usiku. Mtu anaweza kupata vyote viwili.

Na pengine mtasema haya ni mambo ya ustawi wa watumishi, hayagusi michezo yenyewe. Hilo ndilo ninalolikataa zaidi. Baada ya Rio 2016, waangalizi huru wa Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli (WADA) walitoa ripoti yao Oktoba mwaka huo. Walieleza kwamba kuna siku ambazo hadi nusu ya vipimo vilivyolengwa kijijini kwa wanariadha vilikwama kwa sababu waliotafutwa hawakupatikana. Walitaja uhaba wa watumishi na rasilimali, matatizo ya uratibu, na wasindikizaji ambao hawakufundishwa vya kutosha. Wakaongeza kwamba mfumo mzima haukuanguka kwa sababu tu ya ubunifu na moyo mwema wa baadhi ya watu waliokuwa kazini. Someni hapo mara mbili. Medali inasimama juu ya imani kwamba aliyeivaa alipimwa sawasawa, na imani hiyo, usiku wa manane, iko mikononi mwa mtu mwenye njaa anayejiuliza atafikaje nyumbani. Akisinzia kwa dakika moja, kuna pengo kwenye rekodi. Mawakili wa mwanariadha watalitafuta pengo hilo, na wakilipata hawatauliza basi liliondoka saa ngapi.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, na tunaomba yatekelezwe kabla Kamati haijavunjwa.

Kwanza, malipo. Zuieni malipo ya mwisho ya kila mkandarasi hadi alete orodha ya kila aliyefanya kazi chini yake, ngazi zote hadi wakala wa mwisho, ikiwa na saa alizofanya na saini yake kwamba amelipwa. Fedha hizo bado ziko mikononi mwenu. Zikishatoka, barua zote za dunia hazitazirudisha. Teueni pia mtu mmoja, mwenye jina na namba ya simu inayopokelewa, wa kusikiliza walio nje ya orodha.

Pili, warudishieni nauli wale waliokwama usiku, wa kujitolea na wa kuajiriwa. Kumbukumbu mnazo: daftari la kituo cha upimaji linaonyesha saa ambayo kila mwanariadha alitoka, na daftari la geti linaonyesha saa ambayo basi la mwisho liliondoka. Yalinganisheni.

Tatu, toeni barua za utumishi zinazoeleza saa halisi na kazi halisi. Cheti chenye neno "asante" na picha ya kinyago cha mashindano ni kizuri ukutani, lakini mwajiri anataka kujua mtu alifanya nini.

Nne, na hili ni kwa Shirikisho zaidi kuliko kwenu: yaandikeni haya kwenye kabrasha mtakalowakabidhi waandaaji wajao. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ina utaratibu wa kurithisha maarifa kutoka mji hadi mji tangu Sydney 2000, na mashirikisho mengine yana taratibu zao. Wanarithishana ramani za viti, idadi ya majenereta na mpangilio wa nyimbo za mataifa. Wekeni humo sharti moja la ziada: basi la mwisho la watumishi haliondoki hadi mkuu wa kituo cha upimaji, mkuu wa usafi na mkuu wa mageti watie saini kwamba watu wao wametoka. Saini tatu tu. Pamoja nalo, chakula cha usiku kipelekwe penye kazi, na kazi yenye zamu ya lazima iwe na mkataba.

Tunaomba jibu la maandishi, lenye jina la aliyelijibu. Likija, nitalisambaza palepale nilipoisambaza barua hii, liwe zuri au baya, bila kukata neno. Lisipokuja, tutaiwasilisha barua hii pamoja na orodha ya wanaodai kwa mamlaka ya kazi na kwa Shirikisho, na nakala mtapewa.

Jina langu mnalo. Liko kwenye barua zote nilizokwisha kuwaandikia.

Wenu katika kazi,

Msindikizaji, Kitengo cha Upimaji
Kwa niaba ya watendaji wa usafiri, usafi, ulinzi wa mageti, vikapu na stoo ya vifaa